Louis Pasteur: Aliyefichua siri ya maziwa kuchacha na samadi kutoa gesi

KILA anayeuza au kununua maziwa ya paketi amekwisha kukutana na jina la Louis Pasteur, hata kama hajui kuwa hilo ni jina la mtu. Utaratibu wa kupasha maziwa moto kwa kiwango maalumu na kisha kuyapoza haraka, ili yasiharibike mapema, umepewa jina lake katika lugha nyingi duniani.

Wachache wanajua kwamba mwanasayansi huyo huyo wa Ufaransa ndiye aliyegundua kuwa wapo viumbe wadogo wanaoishi na kufanya kazi mahali pasipo na hewa. Bila ugunduzi huo, mtambo wa bayogesi ungebaki kuwa shimo la samadi linalotoa moto bila mtu kujua kwa nini, wala kujua la kufanya siku moto huo unapokataa kuwaka.

Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu, na kwa mwenye kiwanda kidogo cha jibini anayemwaga maji machafu mtaroni kila siku, maisha ya Pasteur yana faida kuliko historia tupu. Sehemu kubwa ya alichogundua ilianzia kwenye hasara ya mkulima au mfanyabiashara aliyehitaji msaada.

Mtoto wa mtengeneza ngozi

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, katika mji wa Dole, eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari katika jeshi la Napoleon na baada ya vita alirudia kazi ya ukoo wao, yaani kutengeneza ngozi.

Louis alipokuwa mdogo familia ilihamia Arbois, mji mdogo wa wakulima wa zabibu, na karakana yao ya ngozi ilikuwa kando ya mto Cuisance. Jura ni eneo la milima, ng'ombe na jibini. Kwa karne nyingi wafugaji wa huko wamekuwa wakikusanya maziwa yao pamoja kijijini ili kutengeneza jibini kubwa ya Comté, ambayo mfugaji mmoja peke yake hawezi kupata maziwa ya kuitosheleza.

Kwa hiyo mtoto huyo alikulia katikati ya ngozi zinazolowekwa, mvinyo unaochacha na maziwa yanayogandishwa. Kazi zote hizo zina habari ya kuoza au kuchacha ndani yake, ingawa wakati huo hakuna aliyejua hasa kinachosababisha.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kuwatisha wenzake. Alipenda zaidi kuchora, na picha alizowachora wazazi wake zimehifadhiwa mpaka leo. Mwaka 1838 alipelekwa kusoma Paris, lakini alishikwa na hamu ya nyumbani mpaka baba yake akamfuata na kumrudisha Arbois baada ya majuma machache.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alirudi masomoni, akafaulu mtihani wa sayansi mwaka 1842 akiwa na alama isiyoridhisha katika kemia, somo lililokuja kumpa sifa, na mwaka 1843 akaingia chuo cha Ecole Normale Supérieure mjini Paris. Alipata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1847.

Mwaka 1849, akiwa mwalimu katika chuo cha Strasbourg, alimwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa elimu wa eneo hilo. Mama huyo aliandika kwa mkono wake kumbukumbu nyingi ambazo mumewe alimsomea usiku, na alibaki msaidizi wake hadi mwisho.

Mapipa yaliyochacha

Mwaka 1854 Pasteur alipewa kazi ya kuongoza kitivo kipya cha sayansi katika mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Huo ulikuwa mji wa viwanda, na wenye viwanda walitarajia kwamba wasomi wangewasaidia kwa mambo yanayoonekana.

Mwaka 1856 alifuatwa na mwenye kiwanda aliyeitwa Bigo, ambaye mtoto wake alikuwa mwanafunzi wa Pasteur. Bigo alitengeneza spiriti kutokana na biti, mmea wa mizizi wenye sukari nyingi. Baadhi ya mapipa yake yalitoa spiriti nzuri, lakini mengine yaligeuka kuwa machachu na mali yote ndani yake ikawa haifai.

Wataalamu wengi wa kemia wa wakati ule waliamini kuwa kuchacha ni jambo la kemia tupu, kama chuma kushika kutu, na kwamba hamira inayoonekana ndani ya pipa haina kazi yoyote kama kiumbe hai. Pasteur alikwenda kiwandani, akachukua matone kutoka mapipa mazuri na mapipa mabaya, akayatazama kwa hadubini.

Katika matone ya mapipa mazuri aliona vijidudu vya mviringo, yaani hamira. Katika matone ya mapipa yaliyochacha aliona vingine vidogo zaidi, vyembamba na virefu kama vijiti. Mahali vijiti hivyo vilipozidi, badala ya spiriti palikuwa na asidi ya laktiki, ile ile inayoyafanya maziwa yawe machachu.

Mwaka 1857 alitangaza matokeo ya uchunguzi wake kuhusu uchachu wa maziwa. Alieleza kwamba sukari ya maziwa haigeuki asidi yenyewe, bali huliwa na viumbe hai wadogo ambao nao huacha asidi kama taka yao. Kila aina ya kuchacha ina kiumbe wake, na kila kiumbe ana chakula, joto na mazingira anayoyapenda.

Huu ndio msingi wa biashara nzima ya maziwa hadi leo. Mtindi mzuri ni kazi ya bakteria waliochaguliwa. Maziwa yaliyoharibika kwenye debe ni kazi ya bakteria walioingia bila kualikwa.

Viumbe wanaokimbia hewa

Mwaka huo huo wa 1857 Pasteur alihamia Paris kuongoza masomo ya sayansi katika chuo chake cha zamani. Hapakuwa na maabara kwa ajili yake, hivyo akajipangia mahali pa kufanyia kazi darini.

Hapo ndipo alipochunguza aina nyingine ya kuchacha, ile inayotoa harufu ya siagi iliyovunda. Mwaka 1861 aliona jambo lililomshangaza. Alipoweka tone la maji hayo chini ya kioo, viumbe waliokuwa katikati ya tone waliendelea kucheza, lakini waliokuwa pembeni, karibu na hewa, walinyamaza kimya.

Wakati ule ilikubalika kwamba hakuna chenye uhai kinachoweza kuishi bila hewa. Pasteur alipitisha hewa ndani ya chupa iliyokuwa ikichacha, na kazi ikasimama. Alithibitisha kwamba kwa viumbe hao hewa ya oksijeni, inayotuweka sisi hai, ni sumu.

Ni Pasteur aliyewapa viumbe hao jina la kitaalamu linalomaanisha wanaoishi bila hewa, na jina hilo linatumika mpaka leo. Hii ndiyo sababu mtambo wa bayogesi hujengwa kwa kuzibwa kabisa. Ufa mdogo kwenye kuba hupoteza gesi, na hewa ikiingia kwa wingi huwadhoofisha wafanyakazi waliomo ndani.

Katika miaka hiyo hiyo alifanya jaribio jingine maarufu kwa chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata. Mchuzi uliochemshwa ndani ya chupa hizo haukuharibika, kwa kuwa vumbi lilinasa kwenye kona ya shingo. Shingo ilipovunjwa, mchuzi uliharibika baada ya siku chache. Kwa hiyo uharibifu hauzaliwi ndani ya chakula, unatoka nje, na mwenye chombo kichafu hujiletea hasara mwenyewe.

Joto kidogo linatosha

Mwaka 1863 Mfalme Napoleon III alimwomba Pasteur achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa ulikuwa ukiharibika njiani ukipelekwa nchi nyingine. Pasteur alirudi Arbois, mji wa utoto wake, akaweka maabara ya muda na kuchunguza mvinyo wa wakulima wa huko.

Aligundua kwamba kila ugonjwa wa mvinyo una kijidudu chake. Suluhisho lake lilikuwa rahisi: kuupasha mvinyo joto la kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi kwa muda mfupi. Joto hilo liliua vijidudu bila kuuchemsha mvinyo na kuharibu ladha yake. Baadaye njia hiyo ilitumika pia kwenye bia.

Wengi hudhani Pasteur alianza na maziwa, lakini sivyo. Aliyependekeza njia hiyo itumike kwenye maziwa ni mtaalamu wa kemia aliyefanya kazi Ujerumani, Franz von Soxhlet, mwaka 1886. Leo viwanda hupasha maziwa kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha huyapoza mara moja.

Misiba na viwavi wa hariri

Mwaka 1865 wafugaji wa viwavi wa hariri kusini mwa Ufaransa walikuwa wanafilisika. Mavuno ya vifukofuko vya hariri yalikuwa yameshuka kutoka takriban tani 26,000 mwaka 1853 hadi kiasi cha tani 4,000. Serikali ilimtuma Pasteur, ambaye hakuwa amewahi kumshika kiwavi wa hariri, aende mji wa Alès kutafuta chanzo.

Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka mitano na ilikuwa na makosa mengi. Mwanzoni alikataa kwamba chembe zilizoonekana ndani ya viwavi wagonjwa ndizo ugonjwa wenyewe, na alihitaji muda kukubali kuwa amekosea. Baadaye aligundua kwamba wafugaji walikuwa wanapambana na magonjwa mawili tofauti, wakiyadhania kuwa ni moja.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwake kuliko vyote. Tayari binti yake mkubwa, Jeanne, alikuwa amefariki mwaka 1859 akiwa na umri wa miaka tisa kwa homa ya matumbo. Mwaka 1865 alifariki baba yake, na miezi michache baadaye akafariki binti yake mdogo Camille, mwenye miaka miwili. Mwaka 1866 homa ya matumbo ilimchukua Cécile, mwenye miaka 12. Katika watoto watano walibaki wawili.

Oktoba 19, 1868, akiwa na umri wa miaka 45, Pasteur alipatwa na kiharusi kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Madaktari walidhani hatapona. Akiwa bado kitandani alieleza namna jaribio lingine la viwavi lifanyike, na baada ya miezi mitatu alisafiri kurudi kusini.

Njia aliyowaachia wafugaji ilikuwa ya kila mtu. Kila nondo jike alitenganishwa na wenzake akatage peke yake. Kisha alipondwa na kutazamwa kwa hadubini. Akikutwa na chembe za ugonjwa, mayai yake yalichomwa moto. Akikutwa mzima, mayai yake yalitunzwa kuwa mbegu ya msimu unaofuata. Mfugaji aliyeweza kutumia hadubini aliweza kujikagulia mbegu yake mwenyewe.

Kimeta katika Pouilly-le-Fort

Kuanzia mwaka 1877 Pasteur aligeukia magonjwa ya mifugo. Mjerumani Robert Koch alikuwa ameonyesha mwaka 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria. Pasteur na wasaidizi wake, akiwamo Emile Roux na Charles Chamberland, walieleza kwa nini kondoo walikufa kila mwaka katika mashamba fulani tu: bakteria wa kimeta hubaki hai ardhini palipozikwa mizoga, na nyungunyungu huwarudisha juu pamoja na udongo.

Mei 5, 1881 aliweka heshima yake hatarini mbele ya watu wengi. Katika shamba la Pouilly-le-Fort, karibu na mji wa Melun, alichanja kondoo 24, mbuzi mmoja na ng'ombe sita. Kondoo wengine 24, mbuzi mmoja na ng'ombe wanne hawakuchanjwa. Mei 31 wote waliingiziwa bakteria wakali wa kimeta.

Juni 2 wakulima, madaktari wa mifugo na waandishi wa habari walifika kuona matokeo. Kondoo waliochanjwa walikuwa wamesimama. Wasiochanjwa walikuwa wamelala wamekufa, na wachache waliobaki walikufa siku hiyo hiyo. Ng'ombe wasiochanjwa hawakufa, ila walivimba na kupata homa kali.

Ushindi huo una doa. Daftari zake zilipofunguliwa kwa watafiti karne moja baadaye, ilionekana kwamba chanjo iliyotumika siku ile ilitengenezwa kwa njia ya kemikali ya Chamberland, wakati Pasteur aliwaacha watu waamini kuwa ni ile ya kwake ya kutumia hewa. Chanjo ilifanya kazi kweli, lakini maelezo yake hayakuwa kamili. Alikuwa mtu wa ushindani, na hakupenda kupitwa.

Samadi ya farasi

Kwamba matope ya bwawa hutoa hewa inayowaka lilikuwa jambo linalojulikana. Mwitaliano Alessandro Volta aliikusanya hewa hiyo kutoka kwenye matope ya ziwa Maggiore mwaka 1776. Ndiyo gesi inayoitwa methani. Kilichokosekana ni maelezo ya nani anaitengeneza.

Mwanafunzi wa zamani wa Pasteur, Ulysse Gayon, aliyekuwa akifundisha Bordeaux, alichukua fundisho la viumbe wasiotaka hewa akalipeleka kwenye lundo la samadi. Alifungia samadi ya farasi mahali pasipo na hewa, akaiweka kwenye joto la nyuzi 35, na akapata lita 100 za gesi kwa kila mita ya ujazo ya samadi.

Mwaka 1884 matokeo hayo yalifikishwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na Pasteur ndiye aliyeyawasilisha. Aliona kwamba gesi hiyo ingeweza kutumika kupasha joto na kuwasha taa. Paris ya wakati ule ilijaa farasi wa mabasi na mikokoteni, na samadi yao ilikuwa kero ya kila siku.

Wazo hilo halikutekelezwa Paris. Makaa ya mawe yalikuwa rahisi kupatikana, na Pasteur mwenyewe alikuwa amezama kwenye utafiti wa kichaa cha mbwa. Lakini miaka michache baadaye, katika mji wa Exeter nchini Uingereza, gesi kutoka tangi la maji taka ilitumika kuwasha taa.

Miaka ya mwisho

Julai 6, 1885 mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huko Alsace, aliletwa Paris na mama yake. Pasteur hakuwa daktari wa tiba, na chanjo yake haikuwa imezoeleka kwa binadamu. Daktari alimchoma mtoto huyo sindano kwa siku kadhaa, na akapona.

Habari zilienea, na watu wa mataifa mbalimbali wakachanga fedha za kujenga taasisi yenye jina lake. Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris Novemba 14, 1888. Mwenye sherehe alikuwa dhaifu kiasi kwamba hotuba yake ilisomwa na mwanawe.

Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 72. Amezikwa ndani ya taasisi hiyo, katika chumba cha chini ambacho kuta zake zimepambwa kwa picha za kondoo, ng'ombe, kuku, mizabibu na miti inayolisha viwavi wa hariri.

Urithi wake kwenye maji ya jibini

Mahali ambapo kazi mbili kubwa za Pasteur, maziwa na viumbe wasiotaka hewa, hukutana waziwazi ni kwenye taka za kiwanda cha maziwa. Lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini ngumu. Karibu lita tisa hubaki kama maji ya rangi ya kijani-njano, ambayo wengi huyamwaga.

Maji hayo ya jibini yana sukari ya maziwa kiasi cha asilimia nne hadi tano, pamoja na protini na mafuta kidogo. Yakimwagwa mtoni, bakteria huyashambulia na kumaliza oksijeni yote ya maji, na samaki hufa. Yakimwagwa mtaroni hunuka na kuleta ugomvi na majirani.

Yakimeng'enywa vizuri ndani ya mtambo, lita 100 zinaweza kutoa mita za ujazo mbili hadi tatu za bayogesi. Kwa kulinganisha, inahitajika samadi mbichi ya ng'ombe takriban kilo 25 kupata mita moja ya ujazo. Familia ya kawaida hutumia mita moja hadi mbili kwa siku kupikia.

Tatizo ni lile lile alilolikuta Pasteur kwenye mapipa ya Bigo. Ndani ya mtambo kuna makundi mawili ya wafanyakazi. Kundi la kwanza, wakiwamo jamaa wa wale vijiti wa Lille, hula sukari haraka na kuacha asidi. Kundi la pili hupokea asidi hiyo baada ya kubadilishwa na kuigeuza methani, lakini hufanya kazi polepole na hufa mahali panapozidi uchachu.

Mtu akimimina maji mengi ya jibini kwa mara moja, kundi la kwanza hulizidi nguvu la pili. Mtambo unachacha, gesi inayotoka inakuwa na hewa nyingi ya ukaa, na jiko linakataa kushika moto. Wengi hapo husema mtambo umekufa, kumbe umevimbiwa.

Dawa ni samadi. Samadi ya ng'ombe ina chumvichumvi zinazopunguza makali ya asidi, na pia huja na bakteria wa methani kutoka tumboni mwa ng'ombe. Kwa sababu hiyo ni vema mtambo uanze kwa samadi peke yake mpaka gesi iwake vizuri. Maji ya jibini yaongezwe baadaye, kidogo kidogo kila siku, na samadi iendelee kuwa nyingi zaidi.

Kipimo cha asidi, ambacho wataalamu hukiita pH, kinatakiwa kiwe kati ya 6.8 na 7.5. Kikishuka, mwenye mtambo aache kuweka maji ya jibini kwa siku kadhaa na aendelee na samadi tu.

Yapo mengine ambayo Pasteur angeyaelewa mara moja. Maji ya kuoshea vyombo yenye dawa kali ya kuua vijidudu yasiingie kwenye mtambo, kwani dawa haichagui. Hali kadhalika maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano za viuavijasumu. Mafuta mengi yaondolewe kwanza, la sivyo huelea juu na kutengeneza utando unaozuia gesi. Na mnyama aliyekufa kwa kimeta, au samadi yake, kamwe visiwekwe ndani, kwa kuwa mbegu za ugonjwa huo hazifi humo.

Huko Ufaransa jambo hili limekwisha kuwa biashara. Mwaka 2015 katika mji wa Albertville, milima ya Savoie, ulizinduliwa mtambo unaotumia maji ya jibini ya Beaufort kuzalisha umeme uliokadiriwa kutosha watu 1,500. Nchini Tanzania, kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilianza kueneza mitambo ya kuba ya matofali kwa wafugaji tangu miaka ya 1980, na mfugaji mwenye mtambo wa namna hiyo anaweza kupokea kiasi kidogo cha maji ya jibini kutoka kwa jirani mwenye kiwanda.

Tope linalotoka upande wa pili wa mtambo nalo si la kutupa. Sehemu kubwa ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu iliyokuwamo kwenye samadi bado imo, na ni mbolea nzuri ya migomba, mboga na majani ya kulisha ng'ombe.

Bigo alimwita Pasteur kwa sababu pipa lililochacha lilikuwa hasara. Pasteur alipotazama ndani hakuona hasara, aliona viumbe wakifanya kazi waliyozoea, ila wakiwa mahali pasipowafaa. Mwenye kiwanda cha maziwa anayejua hilo ana hiari ya kuwazuia viumbe hao kwenye paketi, na kuwalisha kwenye mtambo.